Okidi Iliyokosa Kulala

Kila mwaka mvua ikishakatika, Kathini wa Kanyangi huifungia okidi yake maji. Haipi hata kifuniko kimoja cha chupa. Huisogeza upande wa baraza usiopigwa na jua la saa nane, hukaza kamba ya katani inayoishika kwenye gogo, basi huiacha ilale mpaka Novemba. Okidi isipolala kiangazi haifiki mwaka wa pili. Alijua hilo kwa sababu alishapoteza mbili.

Hii ya tatu aliitoa kwenye mgunga uliokatwa na kamati ya maji ili mtaro wa bomba upite. Mti ulianguka, bomba likazikwa, na maji hayakufika kwa watu. Mwenyekiti Mulwa alisema yako njiani. Huu ulikuwa mwaka wa tatu yako njiani.

Agosti, mizizi ya okidi ilishuka kwenye gogo, ikakata uwanja, ikapita chini ya ua wa minyaa, ikavuka barabara. Watu wa kanisa waliiruka wakienda ibada. Jumatano ilifika shamba la matikiti la Mulwa, ikaingia ardhini pale bomba lilipoishia. Alhamisi asubuhi maua yalianza kutoa maji, kwanza matone, halafu mkondo mnene kama kidole.

Jirani yake Mbithe, anayemwita Susu kama mjukuu anavyomwita nyanya yake, alileta mtungi. Akaonja.

"Susu, haya hayana chumvi. Yale ya mtoni maharagwe yalikuwa yanakataa kuiva mpaka mtu anaanza kuyabembeleza."

"Teka, mama. Lakini hii ilitakiwa iwe imelala."

Kufika Jumamosi mitungi ilikuwa imepanga foleni mpaka barabarani. Kathini hakuangalia mitungi. Aliangalia mashina, yaliyokuwa yanakunjamana kama ngozi ya magoti yake. Okidi ilikuwa inapitisha maji yote, yenyewe hainywi. Akajifunga leso, akaenda kwa Mulwa.

"Mwenyekiti, fungulia watu bomba, okidi yangu ipumzike."

"Mwaitu, hiyo mizizi yako imeingia shamba la mtu bila kubisha hodi," Mulwa alisema, akimwita mama kwa heshima ya Kikamba. "Lakini hatutagombana. Kamati itakaa."

Kamati ilikaa. Iliandika kwamba maji yamefikia wananchi kama ilivyoahidiwa. Gogo likapakwa rangi ya buluu, shina la maua likatiwa kufuli, ufunguo akapewa Mulwa. Maji yangefunguliwa kila asubuhi, saa tatu mpaka saa nne. Mchungaji aliomba, watu wakasema amina.

"Afadhali hii wameifungua kwanza ndiyo wakaifunga. Bomba walilifunga bila kulifungua," Mbithe alimnong'oneza Kathini.

Kathini aliendelea kuisogezea kivuli, na jioni aliifuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Hakuwa na lingine la kuifanyia.

Novemba mvua ilinyesha. Okidi za porini ziliamka zote. Ya Kathini ikaangusha maua, ikarudisha mizizi yake uwanjani taratibu, ikalala. Kathini aliifunika kwa karatasi ya nailoni, mvua isiisumbue.

Kesho yake saa tatu Mulwa alikuja amejikinga kwa mwavuli. Alifungua kufuli, akangoja saa nzima mbele ya mitungi mitupu, kisha akafunga tena.

"Polepole na hiyo kufuli, Mwenyekiti," Kathini alimwambia. "Imelala."