Ngozi ya Bwana Shaba

Mimi ni Mzaramo wa Ushirombo. Kama hilo linakushangaza, mwulize babu yangu aliyepanda treni na marobota ya kaniki, akaja kuuza na kuzikwa Tinde. Mimi nikaolewa na Muhidini, fundi cherehani, tukahamia Ushirombo, na kwa kuwa Wazaramo na Wasumbwa ni watani, sikukosa mtu wa kumsema kwa raha zangu. Niliyempenda kumsema kuliko wote alikuwa Otmar.

Otmar alikuwa Msumbwa, mkulima wa pamba, Mkatoliki wa kila Jumapili, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Shamba likishavunwa alikwenda Rwamgasa kuchimba dhahabu na wenzake. Akirudi, kituo chake cha kwanza kilikuwa baraza ya Muhidini, kusoma jarida la picha ambalo shemeji yangu alitutumia kutoka Dar es Salaam. Humo mlikuwa na hadithi ya Bwana Shaba. Mchana Bwana Shaba ni karani wa stesheni, hata mkewe hajui zaidi ya hapo. Hatari ikitokea, ngozi yake inageuka shaba, naye anaingia motoni, anainua mabehewa, anaokoa watu, kisha anarudi nyumbani kula kimya kimya.

Tuligombana miaka kuhusu tabia ya mtu asiyekuwepo. Muhidini alisema tuna wazimu wote wawili.

"Ana huruma," Otmar alisema. "Hawezi kuona mtu anaumia akakaa."

"Ana kiburi," nilimjibu. "Mtu gani anazima moto peke yake na majirani wamesimama na ndoo?"

"Mama Zamoyoni, Wazaramo mtajua wapi ushujaa? Ninyi siafu akipita mnahama nyumba!"

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa jarida langu. Wachimbaji wenzake walishaanza kumwita Bwana Shaba, naye hakulikataa jina hilo. Nililiona lile, na halikunipendeza.

Halafu duara likaporomoka. Duara ni lile shimo wanalochimba wima kwenda chini, wakiegemeza kuta kwa magogo wanayoyaita matimba. Januari, rafiki yake, alikuwa ndani. Wenzao walikimbia kutafuta magogo na kamba, wakamwambia Otmar asubiri. Hakusubiri. Akashuka mikono mitupu, na udongo uliobaki ukamshukia. Januari wakati huo alikuwa ameshatokea duara la jirani, maana huko chini njia zao hukutana, na alikuwa amekaa juu anakohoa vumbi. Otmar angengoja kidogo tu angemwona. Nikikumbuka hilo hadi leo hasira hunipanda, na sijui nimkasirikie nani.

Walimleta tukamzika Ushirombo. Siku ya kuanua matanga, mjane wake Mektilda aliniita nyuma ya jiko. Macho yalikuwa makavu, midomo imepasuka.

"Tarsisi amefunga mzigo," aliniambia. Tarsisi ndiye mwanawe wa kwanza, kijana aliyekwisha kuota ndevu. "Anasema anakwenda Rwamgasa kushika nafasi ya baba yake. Wazee wamemsifu. Katekista amembariki. Mimi nikisema kitu, ninaambiwa ninamvunja moyo mtoto wa shujaa."

"Sasa mimi nifanyeje, Mama Tarsisi?"

"Wewe ni mtani. Leo unaweza kusema lolote na hakuna wa kukukasirikia. Wamemfanya Otmar sanamu. Nivunjie hiyo sanamu kabla haijaniulia na mwingine."

Ni kweli. Katika msiba mtani huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na sauti yake, humsema mbele ya watu, na anayenuna hutozwa kuku. Kazi yetu ni kuwachekesha waliolia. Lakini sikuwahi kuombwa kuchekesha kwa sababu kubwa namna ile.

Nikavaa suruali ya Otmar, nikaikunja mara kadhaa maana marehemu alikuwa mlingoti. Nikavaa koti lake. Nikaingia uani kwa hatua zile ndefu zake, kichwa kimeinama kana kwamba kila mlango ni mfupi. Watu wakaanza kucheka. Nikamwamkia mbuzi kwa sauti yake ndogo, "Habari za asubuhi, ndugu," wakazidi. Bibi mmoja aliyetoka upande wa Shinyanga akapiga kofi, akimaka kwa Kisukuma. "Bhebhe! Ni yeye kabisa!"

Ndipo nikatanua kifua. "Mimi ni Bwana Shaba!" nikasema. "Kamba ya nini? Matimba ya nini? Ninyi wenzangu mna mikono, lakini mikono yenu si shaba. Kaeni hapo mniangalie! Mke wangu? Ataangalia kaburi. Januari? Mwacheni aote jua, mimi namfuata chini!"

Kicheko kikakatika. Katekista akashika rozari yake. Nilijua nimekata ndani kuliko ilivyoruhusiwa, lakini sikurudi nyuma, nikamgeukia Tarsisi aliyekaa na wanaume. "Mwanangu, njoo uvae hili koti. Bado lina nafasi ya mwenye kiburi mwingine."

Tarsisi akasimama. Nikadhani atanipiga, na faini ya kuku atailipa baadaye.

"Shikamoo, Mama Zamoyoni," alisema.

"Marahaba."

"Umekosea. Baba hakuwa na kiburi." Wazee wakaitikia kwa vichwa, wakitegemea sasa atasema huruma. Hakusema. "Baba alikuwa anaogopa."

Akaendelea, akinitazama mimi tu, kwa sababu nadhani angemtazama mama yake asingemaliza.

"Kila safari ya Rwamgasa mimi ndiye niliyemfunga viatu. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, havikushika kamba. Aliniambia nisimwambie mtu. Duara alilichukia. Kama angekaa akangoja magogo, miguu ingemkatalia mbele ya wenzake, na wanamwita Bwana Shaba. Ndiyo maana alishuka upesi." Akapumua. "Na yule wa kwenye jarida ni vilevile. Mtu asiyeogopa, ngozi ya shaba anaitakia nini?"

Miaka yote ile mimi na Otmar tulibishana, yeye na huruma yake, mimi na kiburi changu, kumbe mwenzangu alikuwa na jibu na hakuweza kulitoa. Koti lake likanielemea mabegani. Nikavua, nikalikunja, nikakaa chini.

Mzee mmoja akasema kwa upole, "Lakini wewe, mjukuu wangu, wewe huogopi."

Tarsisi alitazama mikono yake. Wote tukaitazama. Ilikuwa inatetemeka.

"Naogopa, babu," alisema. "Naogopa sana. Mama, sitaki kwenda."

Mektilda akatoka kwa wanawake, akapita katikati ya wanaume bila kumwomba mtu radhi. Nilidhani atamkumbatia. Alisimama mbele yake, akamshika mikono yote miwili, akaikandamiza ndani ya yake, na machozi aliyoyazuia tangu mazishi yakamtoka mbele ya watu wote.

"Baba yako angeniambia hivyo mara moja tu," alisema, "ningemng'ang'ania miguu asitoke mlangoni."