Matone ya Macho ya Mbwa

Kosa lilikuwa la mkamwana mwenyewe. Macho ya mbwa wa mama mkwe yalipovimba na kujaa tongotongo, alimbana kichwa kwapani, akamtia matone, kisha akajigamba: "Mimi hanipingi!"

Ulimi uliponza kichwa. Tangu hapo aliitwa kila baada ya saa sita, na safari ya kwenda kwao ikaahirishwa mara tatu.

Leo daktari wa mifugo kasema mbwa kapona. Mkamwana akafunga begi mbiombio, akatoka nalo hadi mlangoni.

Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini, kavua miwani, kichupa kipya mkononi.

"Mwanangu, una mkono mwepesi," alisema akiinua uso. "Na mimi hospitali wamenipa matone."

Mbwa aliyelala kando ya mama mkwe akainuka, akampisha mkamwana.