Mgeni wa Tauni

Jumanne asubuhi Bi Mwahija wa Kilwa Kisiwani alikuwa akigeuza vitumbua vya awamu ya pili, maiti mmoja mwanamke akapiga hodi uani. Alikuwa na chokaa kichwani na adabu zake zote.

"Karibu, mwenzangu. Kigoda hicho. Jina nani?"

"Esha. Nilikuwa mwosha maiti hapa hapa, zamani, misikiti ile ingali na mapaa."

Bi Mwahija naye ndiye mwosha maiti wa kike kisiwani. Alimtazama mara moja tu akajua kilichomleta: hakuoshwa.

"Panya walitoka ghalani kwa tajiri," Esha alieleza, huku akipuliza kitumbua. "Tajiri akapakia jamaa zake chomboni, akaondoka na ufunguo. Mimi nikaosha watu arobaini. Waliobaki wakasema ndimi niliyeleta maradhi, maana kila ninapoingia pana maiti. Zamu yangu ilipofika, hakutokea wa kunigusa hata kidole. Nioshe, shoga, nizikwe. Na jina langu lisafishwe."

Kuosha si kazi. Kazi ni kibali cha kuzika. Wakaenda kwa mwenyekiti, Bwana Abilahi, ambaye ofisi yake imepakana ukuta na ghala lake la mahindi.

"Shikamoo, bibi," Abilahi alimwamkia maiti, kwa kuwa alikuwa mkubwa wake kwa miaka mia sita na ushei.

"Marahaba, baba."

"Ulifia nini?"

"Tauni."

Sasa, siku hizi vijana wakienda mjini husema wanakwenda tauni, na Abilahi alipenda kuhesabiwa kijana. Akanyanyua kalamu. "Tauni ipi? Dar au Lindi?"

"Tauni yenyewe."

"Ahaa, Kariakoo." Akafunga daftari. "Basi aliyefia mjini, kibali chake hutoka mjini."

"Wee Abilahi!" Bi Mwahija alimaka. "Tauni ugonjwa! Ule wa panya!"

"Panya gani?" Abilahi aliuliza, akiichomoa kalamu yake kinywani mwa mmoja.

Esha alimkazia macho panya yule. "Huyu babu yake namjua."

Mwenyekiti hakucheka. Alifungua daftari tena. "Hebu. Hizi homa za nyumba za nyuma ya ghala, zimeanza kabla ya mgeni au baada?"

"Kabla," alisema Bi Mwahija. "Wiki mbili."

"Tutaandika baada."

Basi Esha hakuzikwa. Anakaa kwa Bi Mwahija, na anamfaa: hugeuza vitumbua kwa kidole, haungui. Majirani humsalimia wakiwa mbali, ila vitumbua hawaviachi.

Abilahi mwenyewe huja kila alasiri, funguo za ghala zikimlia kiunoni. Juzi Bi Mwahija alimzuia kibarazani.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Mwenye ufunguo kaondoka, mwenye ndoo kalaumiwa."

Abilahi alitafuna, akafikiri. Panya akachungulia mfukoni mwake, naye akamsukuma chini taratibu.

"Kimenishinda, bibi."

"Nipe mji, basi."

"Chukua tauni."

"Hiyo nilishapewa," alisema Esha, akamfungia vitumbua vyake vinne, na kimoja cha panya.