Kukimbia Papo Hapo

...kukimbia bila kwenda popote, huo ndio ujanja aliousomea huyu Mma Ntebogang, dada mshauri wa watu wenye hofu, na Mothusi Tladi akainua goti la kulia, akainua la kushoto, taratibu, kama mtu anayekanyaga udongo wa kukandika ukuta, maana yeye si mjinga, alikwisha kupima kwa macho umbali wa kutoka hapo hadi kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hadi mlangoni, na mlango wenyewe aliuomba uachwe wazi kidogo, "Kuna joto, Mma," akasema, na yule dada akatabasamu lile tabasamu lake la mtu anayejua jambo, nani amemwambia, bila shaka Kelebogile, mke wake, wawili hawa wamekwisha kuongea, haiwezekani wasiwe wameongea, vinginevyo ingekuwaje siku ile ya kwanza kabisa dada wa watu amuulize, kabla hata hajakaa vizuri, "Rra Tladi, umebeba nini mfukoni?" na kweli mfukoni mlikuwa na vidonge vya aspirini vilivyofungwa kwenye karatasi ya peremende, akavitoa kwa aibu kama mwanafunzi aliyekamatwa na sigara, naye akasema kila anayekuja pale na hofu hubeba kitu chake, mmoja hubeba chupa ya maji, mwingine hawezi kutoka nyumbani bila simu ya dada yake kuwa hewani, maneno matamu hayo, lakini Mothusi hakuyaamini, na leo vile vidonge viko pale juu ya meza, mbali naye, kwa makusudi... "Juu zaidi, Rra, kama uwanjani," Mma Ntebogang akasema, na hapo akavua viatu vyake, akasimama mbele yake na soksi, naye akaanza kukimbia papo hapo, sketi na yote, kwa nini, anataka kuona nini kwa karibu, labda rangi ya midomo, Mothusi aliwahi kusikia kwamba midomo ya anayekufa hubadilika kwanza... kama uwanjani, anasema, nani alimpa ruhusa ya kuutaja uwanja, Francistown nzima inautaja uwanja, ukienda kununua maandazi ya magwinya asubuhi muuzaji anakuita kwa jina la mwanao, anakuuliza na mafuta mkononi, "Rra Aone, siku ile walikupa ngapi?" halafu anacheka, na wewe unacheka, utafanya nini, kwani ungewaeleza vipi watu waliojaa pande zote mbili kwamba hukula hela ya mtu, kwamba ulipuliza filimbi, penalti halali kabisa, ukauweka mpira mwenyewe kwenye nukta, ukainua mkono, na mkono ukafa ganzi, moyo ukaanza kupiga teke kama ndama aliyevikwa gunia kichwani, na ukajua, hukudhani, ulijua kwamba unakufa sasa hivi mbele ya wale vijana na mpira wao, ukageuka ukatembea, ukapita kibendera cha kona, ukatoka getini ukiwa na filimbi mdomoni, hadi kwenye bomba la maji, na nyuma yako uwanja mzima ukaimba, "Refa kashiba, refa kaenda chooni," na yule mshambuliaji bado amesimama na mpira wake hajui apige au asipige... sasa, sasa hivi kinaanza, kimeanza, kifua kimeanza kubana, alijua, alimwambia huyu dada, alimwambia kabisa. "Unadhani kitatokea nini tukikimbia?" dada alimuuliza kabla hawajaanza, na Mothusi akajibu, "Nitaanguka." "Halafu?" "Halafu nitakufa, Mma, kuna nini zaidi?" na yeye, bila hata kushtuka, akasema haya, basi tutaangalia, tutaangalia, kama mtu anayengoja kuku akate roho achemshe maji, huo ni utabibu gani, daktari wa hospitali angalau alimbandika zile nyaya kifuani, akamkimbiza kwenye mashine, akampima damu, akasema, "Moyo wako mzima kuliko wangu," ingawa na yeye alisema huku anatazama pembeni, mtu mkweli hutazama pembeni kwa nini, wanaficha, hata Oarabile walimficha... Oarabile, kaka yake, kule Tutume kwenye harusi ya binamu, yuko kwenye mstari na wenzake, wanaume wanne wamevaa mashati ya rangi moja, wanacheza, anageuka, anashuka chini, watu wakadhani ni mtindo mpya, wakapiga vigelegele, na Oarabile hakuinuka, na alikuwa na umri huu huu, umri huu alionao Mothusi leo, huo ndio ukweli ambao hakuna mashine inayoupima, damu moja, baba mmoja, mama mmoja... "Kinakuja kile kitisho?" Mma Ntebogang akauliza, na sauti yake ilikatika katikati. "Kimekuja," akasema. "Usikifukuze. Usikae. Kiache kifanye kinachotaka," naam, kiache, rahisi kwake, si yeye mwenye mke atakayeamka kitanda kitupu, na Kelebogile alivyomsukuma kuja hapa, "Nenda ukaongee na yule dada." "Nikaongee nini, mimi nina wazimu? Unataka wanipeleke Lobatse, hospitali ya wendawazimu?" "Hakuna aliyesema una wazimu, Rra Aone. Nasema una hofu, na hofu yako imekaa mezani na sisi, tunaipakulia chakula," na kweli, haendi tena malishoni kwa kuwa kuna kilima, hampandishi tena Aone mabegani, mtoto akija mbio anamwambia baba amechoka, ana miaka sita, juzi akamuuliza mama yake, siyo yeye, mama yake, "Baba atapona lini?" na Mothusi nyuma ya pazia vidole viko shingoni anahesabu mapigo... viko shingoni hata sasa, ameviweka saa ngapi, "Mkono chini, Rra," dada akasema, akaushusha, na mkono ukaning'inia hauna kazi, na moyo ukaenda wenyewe, bila mlinzi, sasa ni sasa, ganzi hiyo, midomo hiyo, chumba kimerudi nyuma kama kinatazamwa kutoka ndani ya mtungi, sasa, anaanguka... anaanguka... goti likapanda. Goti la pili likapanda. Na mbele yake huyu dada jasho limemtoka kwenye paji la uso, kilemba kimelegea, anahema kwa mdomo, ule mshipa wa shingoni mwake unaruka, Mothusi aliuona, unaruka mbio kama wake, labda zaidi, maana si mtu wa mazoezi, naye hausikilizi, hauulizi chochote, anauacha upige kama mtu anavyoiacha mvua kwenye bati, na hilo jambo likamkera Mothusi, kwa nini wake aubembeleze na huyu wake auache... na Oarabile, hebu, Oarabile siku zile, si alikuwa akipanda lori lake anakaa kwanza kwenye ngazi apumue, miguu imevimba viatu havifungiki, mwaka mzima analala amekaa, mama akimwambia nenda hospitali anasema nikimaliza mavuno, nikimaliza harusi, moyo wa Oarabile uliugua mchana kweupe, kila mtu aliuona, haukumvizia, sasa huu wa kwangu umeugua lini, nimekimbia na vijana wa miaka ishirini mpaka ile penalti yenyewe, dakika themanini na kitu, wao wanashika kiuno mimi sishiki... na siku ile ile, nilipofika kwenye bomba la maji, nilifanya nini, nilikunywa, nikakaa, nikaona njaa, kwani mtu anayekufa huona njaa, na kule sokoni mara ya pili, na kanisani mara ya tatu, na mara zote nyingine, kila mara kitisho hiki kimesema leo ndiyo leo, kwa sauti ile ile, na kila mara nimekiamini, nimemshuku daktari, nimemshuku mke wangu aliyezaa na mimi, huyu dada nimemshuku hadi soksi zake, na hiki peke yake sijakiuliza swali hata moja... "Tupumzike, Rra?" Mma Ntebogang akauliza, anahema, na Mothusi akatikisa kichwa, maana bado kifua kilikuwa kimebana, bado ganzi iko vidoleni, bado moyo unapiga kelele unamwita mama yake, na yeye alishawaona wachezaji wa namna hii kwenye majani, wengi sana, wanabingirika wameshika goti, wanalia machozi ya kweli, na refa anayejua kazi hakimbilii machela, anasimama juu yake kimya, anangoja aliyelala afungue jicho moja, basi akausimamia moyo wake, akainua goti juu zaidi, akangoja.