Mikono Iliyotulia

Karatasi iliyokuja na vidonge ilikunjwa mara nane, na Fundi aliisoma yote amesimama msalani, mlango kaupiga komeo. Mstari wa sita ulisema: Usitumie dawa hii kama una pumu au umewahi kuwa na pumu.

Akausoma tena. Akahesabu kwa vidole. Miaka kumi na mmoja tangu kifua kimbane kwa mara ya mwisho. Umewahi ni umewahi, lakini kumi na mmoja nayo si mchezo. Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile, akameza vidonge viwili kwa maji ya bomba.

Vidonge vilikuwa vya mama mkwe, vya kupunguza mbio za moyo. Mama mkwe alivitunza katika kopo la biskuti juu ya kabati, na alikuwa akisema mbele ya kila mgeni kwamba mkwewe ana mikono miepesi. Alimaanisha kazi. Fundi alitengeneza saa, na skrubu ndogo kuliko chembe ya ufuta ilitulia kwenye ncha ya koleo lake kama imegandishwa. Lakini mpe karata mbili nzuri, uone! Vidole vilimcheza kama vya mtu aliyemwagiwa maji ya barafu.

Klabu nzima ya poka ilijua. Aliyeitangaza siri ni Mwalimu, mzee aliyestaafu kufundisha hesabu lakini hakustaafu kuwasahihisha watu. Kila Fundi alipopata karata za maana, Mwalimu aliinua kidole: "Jamani, saa ya Fundi inalia. Tukimbie!" Nao walikimbia kweli, wakatupa karata, akabaki na ushindi wa kunusa. Siku alizojaribu kuwatisha bila kitu mkononi, vidole vilitulia tuli, nao wakamng'ang'ania mpaka wakamvua nguo.

Jumamosi hii klabu ilikuwa ikichagua mtu mmoja wa kwenda mashindano ya taifa ya poka. Mmoja tu. Mwalimu alikwenda miaka mitatu mfululizo na kurudi na hadithi. Fundi hakuwahi kwenda, na katika maisha yake hakukumbuka kutamani kitu kwa kiasi hicho tangu alipotamani kuolewa, tena hili alilitamani zaidi.

Saa nane mchana walikaa saba. Ukuta uliokuwa nyuma ya mgawaji wa karata ulibandikwa masharti ya klabu, na mgawaji, mama mmoja mpole asiyecheka, aliyasoma kwa sauti kama ilivyo ada. Simu zote kapuni. Atakayenyanyuka kitini kabla ya mkono, yaani mzunguko mmoja wa karata, kwisha, karata zake zimekufa. Na la mwisho, lililoongezwa mwaka uliopita: atakayecheza kwa kidonge, kiti chake kimekwenda, na mlango asiuone tena.

"Hilo ni la Dereva," mtu mmoja akacheka.

"Niacheni na udereva wangu," akasema Dereva mwenyewe, akifuta shingo. Mwaka uliopita alitafuna vidonge vya kukeshea safarini ili awe macho kuliko wenzake. Akawa macho kweli. Akaweka sarafu zake zote za mchezo kabla hata ya kutazama karata, akagombana na kiti, akamwambia mgawaji kwamba shupaza zinamnong'oneza. "Siku ile nilijiona nina akili kuliko nyote. Hapo ndipo ningepaswa kujua nimekwisha."

Wote wakacheka. Fundi naye akacheka, na akagundua jambo: aibu ilimpanda hadi masikioni, lakini moyo haukushtuka. Ulipiga polepole, kama unampigia mtu mwingine.

Karata zikagawiwa. Kila mchezaji hupewa mbili za siri, na tano za wote hufunuliwa katikati ya meza. Fundi akainua pembe za zake: wafalme wawili. Akasubiri vidole vianze kazi yao. Havikuanza. Mkono wake ulikaa mezani kama wa sanamu.

"Fundi katulia," Mwalimu akatangaza. "Leo anatupiga mkwara mapema."

Dereva akamfuata mpaka mwisho, na Dereva akawa wa kwanza kutoka.

Ndivyo ilivyokwenda kwa saa mbili. Alipokuwa na karata nzuri walidhani anawatisha, wakamwendea kama kuku kwenye mtama. Wakatoka mmoja mmoja, wakavuta viti nyuma na kubaki kutazama. Fundi alipaswa kufurahi. Lakini kila alichozoea kukihisi hakikuwepo. Zamani tumbo lilimwambia, huyu ana kitu, kaa pembeni. Leo tumbo lilikuwa bubu. Mara mbili aliweka zote pale ambapo siku nyingine angekimbia, na mara mbili bahati tu ilimfunika. Akili ilipiga kelele, hatari, hatari! Mwili ukamjibu, ipi? Ilikuwa kama kuendesha gari ambalo taa zote za onyo zimekatwa nyaya.

Walipobaki wawili, yeye na Mwalimu, ndipo aliposikia kifua.

Mwanzo ilikuwa kama uzi umefungwa chini ya koo. Akameza mate. Uzi ukabaki. Akavuta hewa kwa pua, taratibu, na mwisho wa pumzi pakatokea sauti nyembamba aliyoifahamu tangu utotoni, sauti ya paka aliyefungiwa chumba cha mbali. Pampu hakuwa nayo. Ya mwisho aliitupa mwaka aliohama kwao.

Akajikaza. Mkono mmoja zaidi. Mmoja tu.

Akapewa saba na mbili, karata ambazo hata mpumbavu huzitupa. Angezitupa, na mchezo ungeendelea nusu saa nyingine, na nusu saa hakuwa nayo. Katikati ya meza zikafunuliwa nne za shupaza na mfalme wa kopa. Mwenye shupaza moja mkononi angetimiza tano na kushinda; yeye hakuwa na hata moja. Akasukuma sarafu zake zote za plastiki mbele.

"Zote," akasema, neno likatoka na upepo mwingi.

Mwalimu hakucheka. Aliitazama mikono ya Fundi, akaitazama tena. Ilikuwa imetulia. Kwa miaka mitatu mikono hiyo ikitulia ilimaanisha uongo, lakini leo ilikuwa imetulia tangu mchana, na imewatoa watu watano kwa karata za kweli. Hesabu yake haikuwa na pa kushika.

"Una shupaza, mwanangu?"

 Fundi alikuwa akipumua kupitia upenyo wa sindano.

"Dakika mbili za kuamua, Mwalimu," akasema mgawaji.

Mwalimu akainama mbele, sikio kaligeuza. Mluzi ule sasa ulisikika meza nzima. Uso wake ukabadilika. Fundi aliyaona mawazo yake kama yameandikwa ubaoni: saa imeacha vidole, imehamia kifuani, Fundi anatetemeka ndani, Fundi anayo. Mzee akainua karata zake mbili, akazining'iniza juu ya meza tayari kuzitupa.

"Unapumua kama umekimbizwa," akasema polepole. "Unayo. Huna? Unayo."

Kumbe mzee anasoma pumu! Kitu pekee ambacho Fundi hakukipanga ndicho kilichokuwa kikimshindia. Kilichotakiwa ni kukaa. Dakika moja na nusu, asikohoe, asiseme, akae tu. Akayakaza macho kwenye mfalme wa kopa. Mfalme akaanza kufifia. Akavuta hewa, hewa haikuja. Akavuta tena. Ukutani masharti yalikuwa yakipanda na kushuka. Na hata hapo, roho ikiwa mkononi, moyo ulikuwa ukitembea kwa mwendo wa mtu anayetoka sokoni, na hilo ndilo lililomtisha kuliko kukosa hewa: kwamba angekufa ametulia hivihivi, na watu wangesema anafikiri.

"Sekunde thelathini."

Karata za Mwalimu zilishuka kidogo kuelekea mezani.

Fundi akanyanyuka. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Karata zimekufa!" mgawaji akasema kwa mazoea, kisha akaona midomo ya Fundi ilivyogeuka rangi. "Mungu wangu. Fundi?"

"Pumu," akasema Fundi.

Waliompeleka zahanati ni Dereva, gari lake likipiga honi njia nzima, na Mwalimu aliyemkalisha wima kiti cha nyuma akisema, "Vuta, toa, vuta, toa," kama anafundisha jedwali la tatu. Nesi akamfunika barakoa ya mvuke wa dawa. Dakika tano. Mvuke ukaisha, kifua hakikufunguka hata kidogo. Nesi akasikiliza mgongo, akakunja uso.

"Hii humfungua kila mtu. Kuna dawa umekunywa leo?"

Fundi akamtazama Mwalimu aliyekuwa mlangoni, ameushika mkoba aliomchukulia klabuni. Akatikisa kichwa. Hapana.

"Dada, ninakuuliza tena. Kuna dawa huzuia hii isifanye kazi. Kama ipo, niiambie sasa hivi, si baadaye."

Mzee hakuondoka. Angeondoka tu, dakika moja! Lakini alisimama palepale. Fundi akaivuta barakoa pembeni.

"Vya moyo," akasema. "Viwili. Saa saba. Vya mama mkwe."

Nesi alishamgeukia daktari aliyekuwa akiingia kabla neno halijakamilika. "Vya aina gani? Vya kiasi gani?"

Jina alilolisoma msalani lilikuwa limemtoka, na kiasi hakukitazama. Mwalimu akatoa simu ya Fundi ndani ya mkoba, alikoitia alipoichukua kapuni, akampigia mama mkwe, akaweka sauti nje.

"Niambie umeshinda," ikasema sauti ya mama mkwe.

"Mama, hapa ni Mwalimu wa klabu. Mkweo yuko zahanati, yu hai. Lichukue kopo lako la biskuti, unisomee kilichoandikwa kwenye pakiti ya vidonge vya moyo."

 Kopo likagongagonga.

"Vimepungua viwili," mama mkwe akasema, sauti ikimpasuka. "Huyu mtoto! Angeniomba nikamnyima, angalau angekuwa mzima. Subiri, miwani. Haya, andika."

Akasoma herufi moja moja, na Mwalimu akazirudia moja moja, kwa sauti ya darasani, huku daktari akijaza dawa nyingine kwenye sindano na Fundi akisubiri, amemshika mzee mkono wa koti.