Babu Apanda Ghorofani

Mjinga wa siku ile alikuwa mlishaji, na hilo halina ubishi. Hata mwenyewe ukimuuliza atakuambia, tena kwa kicheko. Katika kituo kile cha kutunzia wanyama waliotelekezwa walikuwa na ujanja wao wa kutenganisha wanyama waliozoeana. Unachukua blanketi la anayeondoka, unalisugua ukutani kwa anayebaki, harufu inamdanganya, naye hapigi kelele. Mlishaji alilisugua blanketi la Kidosho, mbwa kijana aliyekuwa akiondoka, mpaka mkono ukamuuma. Kisha akamkabidhi Kidosho kwa mshonaji, mama wa makamo aliyekuja na futi yake ya kupimia shingoni, akarudi ndani akipiga mluzi.

Aliyebaki ni Babu, mbwa mzee, kipofu. Tangu waletwe pale alitembea ubavu kwa ubavu na Kidosho, na Kidosho alimkwepesha ndoo, nguzo na miguu ya wageni. Meneja alilijua hilo vizuri. Ila kanuni yake ilikuwa nyumba moja, mnyama mmoja. Kijana hupata watu upesi, alisema, na mzee humtia nuksi.

Mchana Babu aliamka, akajinyoosha, akakwepa meza ambayo haikuwepo. Akaizunguka cherehani ambayo nayo haikuwepo. Alipofika katikati ya chumba aliinua mguu, akakanyaga hewa, na hewa ikamshika. Akapanda vivyo hivyo polepole, akakata kona, akajikunja karibu na dari na kulala.

Mlishaji alimpigia simu mshonaji.

"Samahani mama, hivi kwako kuna ghorofa?"

"Ipo. Kitanda kiko juu. Kidosho wako kalala hapo sasa hivi, kajitandaza kama mwenye nyumba. Kwani vipi?"

"Babu naye kalala hapo."

"Haya. Mwambie asijikune sana, shuka nimebadilisha leo."

Ndipo mlishaji alipoelewa. Macho aliyokuwa akitumia Babu siku zote yalikuwa ya Kidosho, na hakuna aliyemnyang'anya. Alichokipoteza ni nyumba ya kuyatumia. Akaenda kuazima ngazi ya mpaka rangi, akampelekea chakula juu.

Meneja alikuja, akatazama dari, akatazama chini.

"Vizuri," akasema. "Sakafu imepatikana. Weka mwingine hapo."

Akaletwa mbwa wa kahawia ambaye dada yake alikuwa ameondoka asubuhi.

Hadi hapo mambo yangeweza kuendelea. Ila mshonaji alikuwa mtu wa matembezi. Alasiri alimtoa Kidosho, nao wakashika barabara. Barabara ilikuwa ndefu na chumba cha Babu kifupi. Babu alishuka ngazi zake, akatoka kwenye mlango wa mshonaji, akaenda kwa mwendo wa furaha, mkia juu, akagonga ukuta. Akarudi nyuma kidogo, akaenda tena. Mbele yake palikuwa peupe, kwa hiyo hakuona sababu ya kusimama. Mlishaji alipomkumbatia kumzuia, pua ilikuwa imeshapasuka na damu inatiririka hadi kifuani.

Alimfuta damu, akaenda ofisini kwa meneja na blanketi mkononi.

"Bosi, mimi sisugui tena. Si leo, si kesho. Ukitaka kunifukuza nifukuze, ila kwanza njoo umshike huyu mzee wakati mwenzake anatembea."

"Acha maneno mengi. Lete hilo blanketi."

Kuanzia hapo meneja akawa anasugua mwenyewe, tena kwa bidii, na kuta za kituo zikazidi kunuka wasiokuwepo. Jozi ya paka ilitenganishwa. Mabata wawili walitenganishwa. Mlishaji naye kila alasiri alijiegemeza ukutani awe godoro, Babu amgonge yeye. Mbavu zilimuuma, lakini hakuhama.

Mshonaji alipoambiwa kuhusu pua, aliacha gauni la bibi harusi likiwa na mkono mmoja, akamwacha Kidosho amelala, akaja. Alimkuta meneja chumbani kwa Babu, mikono kiunoni, na mlishaji ameshapanda ngazi ya mpaka rangi, kamwekea Babu mkono mgongoni.

"Nimemfuata huyu," mshonaji akasema.

"Mama, wako ulishachukua. Nyumba moja, mnyama mmoja."

"Mwenzake ananiachia nusu ya chakula kila siku, anarudi nyuma, anangoja mtu aje ale. Nimemfuata anayengojwa."

"Nikikubali kwako, kesho kila mtu atataka wawili wawili."

"Watake!" mlishaji akasema kutoka juu.

"Wewe shuka!" Meneja akamgeukia mshonaji. "Kanuni haivunjwi kwa sababu ya mbwa mmoja anayening'inia. Huyu yuko ndani ya jengo langu, na haondoki mpaka niseme mimi."

Mshonaji alitazama juu. Babu alikuwa amelaza kidevu juu ya kitu laini kisichoonekana, anakoroma.

"Mwanangu, huyo yuko kitandani kwangu. Kama kuna kinachotakiwa kuondoka, ondoa jengo lako."