Makofi ya Mkamwana

Kidole cha mwisho kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Yunisi alikificha ndani ya khanga, akaketi kwenye benchi la hospitali. Kwenye kiwiko, mshipa ulikuwa unanguruma chini ya ngozi. Madaktari ndio waliouunganisha na mshipa mwingine figo zake zilipokufa, ili mashine ipate damu ya kuchuja. Sasa mshipa uleule ulivinyima vidole damu.

"Leo tunauziba," Dokta Asajile alikuwa amemwambia. "Moyo wako hauhimili kisu, kwa hiyo tunapitia tundu la sindano tu, tunaacha kizibo ndani. Mashine utaitumia kwa mrija wa shingoni. Kizibo kimebaki kimoja, una bahati."

"Nitasuka tena nywele za watu?"

"Utasuka."

Jamani, alicheka peke yake kama mwehu.

Ndipo akaingia Diwani Boazi na mkewe, Fides. Boazi ni baba mdogo wa marehemu mume wa Yunisi, yaani mkwe kabisa, na kwao Ndalambo mkamwana hamjibu mkwe wala hamtazami usoni. Yunisi alipiga magoti sakafuni, akapiga makofi ya taratibu, kichwa chini. Kidole kilimuuma hadi machozi yakamtoka.

"Eeh, mkamwana," Boazi alisema. "Mama yako huyu alishapewa figo na mdogo wake, mashine hana haja nayo tena. Ila mshipa wake wa mashine umemwachia manundu mkononi, gauni la sendoff ya binti halimkai, na kisu kitaacha kovu. Tumesikia kizibo ni chako. Utatuachia, au vipi?"

Yunisi alitazama viatu vya mkwe. Hapana ilikuwa imefika mdomoni. Tangu aolewe, hajawahi kuitoa mbele ya wakwe. Akapiga makofi tena, kama mtu anavyopiga mkubwa akishasema.

"Umeona, dokta?" Boazi alimgeukia Asajile, aliyekuwa amesimama mlangoni. " Kwetu tuna adabu. Mwenyewe karidhia."

"Yunisi," Asajile alisema, "sema kwa mdomo wako."

Roho ilimpasuka Yunisi, lakini mikono ikapiga makofi tena.

"Halafu hii hospitali," Boazi alisema polepole, "nani aliipigania kwenye vikao, dokta?"

Asajile aliinamisha uso. "Kingine kitaagizwa," alisema, akamfungulia Fides mlango.

Kingine hakikuja. Weusi ulipanda vidole vyote, ukafika kiganjani, na mkono ukabidi ukatwe, moyo uhimili usihimili.

Siku ya sendoff, ukumbi wa Tunduma ulijaa. Fides alivaa gauni lisilo na mikono, mkono wake laini. Wakamwana walipanga mstari mbele yake, wakapiga magoti, makofi yakalia.

"Mbona yule hapigi?" Boazi alitania kwenye maiki. "Mkamwana, umetusahau?"

Watu wakacheka. Yunisi akakitoa kigutu ndani ya khanga, nyuzi zikiwa bado hazijatolewa. Akanyoosha kiganja cha kulia, akakipiga kigutu juu yake. Akapiga tena, maana makofi ya mkwe hayapigwi mara moja.